Mtetemo wa injini baridi

Mtetemo wa injini baridi ni hali ambapo injini ya gari, mara tu baada ya kuwashwa ikiwa imepoa, huzunguka bila utulivu wakati gari limesimama na dereva hajakanyaga akselereta. Mshale wa mizunguko hupanda na kushuka, usukani na viti hutikisika, na pengine injini huzima. Mzunguko huo wa chini mafundi wengi huuita "sailensi", na silinda inapokosa kuwaka husemwa kwamba injini "inamisi".

Ugumu wa tatizo hili ni kwamba mara nyingi hutoweka lenyewe dakika chache baadaye. Dereva anapofika gereji injini imeshapata moto, inanguruma vizuri, na fundi haoni kitu. Kwa sababu hiyo vipuri vingi hubadilishwa kwa kubahatisha. Uchunguzi mzuri huanza na swali moja: mtetemo unaanza wakati gani, na unakoma wakati gani? Jibu lake hupunguza orodha ya sababu kabla ya kufungua hata nati moja.

Makala hii inahusu hasa injini za petroli zinazotumia nozeli na kompyuta. Injini za dizeli zinaelezwa kwa kifupi mwishoni.

Maana ya injini baridi

Injini ni baridi pale joto la maji yake linapolingana na joto la hewa iliyoizunguka. Kwa kawaida hali hiyo hupatikana baada ya gari kulala usiku kucha, au kusimama kwa muda wa saa nane hivi au zaidi.

Si lazima hali ya hewa iwe ya baridi. Injini nyingi hufanya kazi vizuri maji yake yakiwa na joto la kati ya 85 °C na 100 °C. Gari lililolala Dar es Salaam na kuamka na 25 °C bado liko chini ya joto hilo kwa nyuzi 60 au zaidi. Hata hivyo baridi kali huongeza makali ya tatizo. Gari lililokuwa na kasoro ndogo pwani linaweza kuanza kutetemeka waziwazi likipelekwa Njombe au Makete asubuhi za Juni na Julai.

Jinsi injini baridi inavyofanya kazi

Petroli haiungui ikiwa majimaji. Ni lazima kwanza igeuke mvuke na kuchanganyika na hewa. Injini iliyopata moto hutumia takribani kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Injini ikiwa baridi, sehemu ya petroli hugandia kwenye kuta za njia ya hewa, kwenye vali na kwenye silinda, wala haigeuki mvuke kwa wakati. Kwa hiyo ni lazima petroli iongezwe ili mvuke utakaopatikana utoshe kuwaka.

Petroli ikipungua kuliko inavyotakiwa, mchanganyiko huitwa mwembamba. Ikizidi, huitwa mzito. Vyote viwili hufanya injini itetemeke, lakini dalili zake hutofautiana.

Zamani kazi ya kuongeza petroli ilifanywa na choki kwenye kabureta: dereva alivuta kitufe, hewa ikazibwa kiasi, na mchanganyiko ukawa mzito. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ilianza kuuza mfumo wa nozeli unaoongozwa kielektroniki uitwao D-Jetronic, uliofungwa kwenye gari la Volkswagen 1600. Siku hizi kompyuta ya injini ndiyo inayofanya kazi ya choki. Hupokea taarifa za sensa ya joto la maji, sensa ya joto la hewa na sensa ya kiasi cha hewa, kisha huamua nozeli zifunguke kwa muda gani.

Kuna jambo lingine muhimu. Sensa ya oksijeni iliyoko kwenye egzosi ndiyo inayoiambia kompyuta kama mchanganyiko ni mwembamba au mzito, lakini haifanyi kazi ipasavyo mpaka ipate joto la takribani 300 °C. Kabla ya hapo kompyuta hukadiria tu kwa kutegemea sensa nyingine. Ndiyo maana kasoro ndogo huonekana asubuhi: hakuna anayeisahihisha. Sensa ya oksijeni inapoamka, kompyuta huanza kurekebisha na mtetemo hupungua, ingawa kasoro yenyewe bado ipo.

Hali ya kawaida na isiyo ya kawaida

Si kila badiliko la sauti ni ugonjwa. Injini nyingi huzunguka kati ya mara 1,000 na 1,500 kwa dakika zinapowashwa baridi, kisha hushuka polepole hadi kati ya 600 na 900 zikipata moto. Magari mengi ya kisasa pia huchelewesha cheche kwa makusudi katika nusu dakika au dakika moja ya kwanza, ili moshi wenye joto zaidi upashe kisafisha moshi, ambacho mafundi hukiita masega. Wakati huo injini huwa na sauti nzito kidogo. Mvuke mweupe mwepesi kutoka kwenye egzosi asubuhi ya baridi nao ni kawaida ukitoweka baada ya muda mfupi.

Isiyo ya kawaida ni injini inayotikisa gari zima, inayozima, inayohitaji kukanyagiwa akselereta ili isizime, au inayowasha taa ya injini kwenye dashibodi.

Wakati wa dalili na maana yake

Sekunde 5 hadi 30 za kwanza tu. Kitu kiliingia ndani ya silinda usiku. Inaweza kuwa petroli kutoka kwenye nozeli inayovuja, maji kutoka kwenye gasketi ya hedi, au oili iliyopita kwenye sili za vali. Injini ikishachoma kilichoingia, hutulia. Inawezekana pia kwamba presha ya petroli ilishuka usiku na inachukua muda kupanda.

Dakika 1 hadi 3, kisha hutulia ghafla. Sensa ya oksijeni imeamka na kompyuta imeanza kusahihisha. Shaka iko kwenye mchanganyiko: sensa ya joto la maji, sensa ya hewa iliyochafuka, au hewa inayoingia bila kupimwa.

Dakika 5 hadi 15, ikipungua polepole. Hapa injini yenyewe inabadilika kadiri inavyopata moto. Gasketi au mpira uliosinyaa kwa baridi hutanuka na kuziba ufa. Vali zenye utando wa masizi huacha kunyonya petroli. Kilango cha hewa kichafu nacho hupata unafuu kwa sababu injini yenye moto huhitaji hewa kidogo kuliko ile ya baridi.

Hautoweki kabisa. Tatizo si la ubaridi peke yake. Plagi, koili, nozeli iliyoziba au mgandamizo hafifu wa silinda ndivyo vya kutazamwa kwanza.

Sababu kuu

Mfumo wa cheche. Plagi iliyochakaa huwa na mwanya mkubwa, hivyo huhitaji umeme mwingi kuruka. Asubuhi mchanganyiko ni mzito na plagi hulowa kwa urahisi, wakati betri nayo iko katika hali yake dhaifu. Koili yenye ufa au waya wa plagi uliokauka huweza kuvujisha umeme kukiwa na umande.

Sensa ya joto la maji. Ndiyo choki ya gari la kisasa. Ikidanganya kwamba injini ina 80 °C wakati ina 15 °C, kompyuta haitaongeza petroli na injini itatetemeka kwa kukosa mafuta. Ikidanganya kinyume chake, injini itamwagiwa petroli, itatoa moshi mweusi na kunuka petroli.

Hewa isiyopimwa. Hewa inayoingia kupitia mpira uliopasuka, gasketi ya njia ya hewa au mpira wa sevo ya breki haihesabiwi na sensa ya hewa. Mchanganyiko huwa mwembamba. Athari huonekana zaidi kwenye mzunguko wa chini, kwa sababu hapo injini hutumia hewa kidogo na ufa mdogo huwa na uzito mkubwa.

Kilango cha hewa na vali ya mzunguko wa chini. Masizi na mvuke wa oili hujenga utando pembeni mwa kilango. Katika magari ya zamani kidogo kuna vali maalumu inayopitisha hewa ya ziada injini ikiwa baridi. Ikikwama, mizunguko haipandi asubuhi.

Petroli. Chujio lililoziba, pampu iliyochoka au vali ya kuzuia mafuta yasirudi tangini huleta presha ndogo. Nozeli chafu humwaga matone makubwa badala ya ukungu mwembamba, na matone hayo hayageuki mvuke kwenye injini baridi.

Masizi kwenye vali za kuingiza. Injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda huathirika zaidi, kwa sababu petroli haipiti juu ya vali hizo na kuziosha.

Gasketi ya hedi. Uvujaji mdogo huruhusu maji kuingia kwenye silinda moja gari likiwa limezimwa na mfumo wa maji bado ukiwa na presha. Asubuhi silinda hiyo humisi kwa sekunde kadhaa, kisha huwa nzima siku nzima. Hii ndiyo sababu isiyopaswa kupuuzwa hata kidogo.

Hatua za uchunguzi

Gari liachwe kwa fundi tangu jioni, au fundi aje lilipo. Injini isiwashwe kabla ya vipimo, kwa kuwa nafasi ya kuiona ikiwa baridi kweli hupatikana mara moja tu kwa siku.

1. Tazama kabla ya kuwasha. Pima kiwango cha maji kwenye rejeta na chupa yake, na kiwango cha oili. Kifuniko cha rejeta kifunguliwe injini ikiwa baridi tu. Kagua mipira ya hewa kwa kuikunja: nyufa nyingi hujificha mikunjoni.

2. Pima betri. Betri nzima iliyopumzika huonyesha takribani volti 12.6. Wakati stata inazunguka isishuke sana chini ya volti 9.6.

3. Soma sensa kabla ya kuwasha. Unganisha mashine ya uchunguzi, washa swichi bila kuwasha injini. Joto la maji na joto la hewa vilingane, vikitofautiana kwa nyuzi chache tu, na vifanane na hali ya hewa ya hapo. Bila mashine, sensa ya joto la maji hupimwa kwa mita ya umeme: katika magari mengi huwa na omu 2,000 hadi 3,000 kwenye 20 °C, na 200 hadi 400 kwenye 80 °C. Vipimo kamili viko kwenye kitabu cha gari husika.

4. Jaribu presha ya petroli. Washa swichi kwa sekunde 3 bila kuwasha injini, zima, rudia mara mbili au tatu, kisha washa injini. Ikiwaka vizuri kuliko kawaida, huenda presha inapotea usiku. Jaribio hili halifai kwa gari ambalo pampu yake haizunguki kwa kuwasha swichi tu. Geji ya presha ndiyo itakayothibitisha.

5. Washa na uangalie. Mtu mmoja akae ndani, mwingine nyuma ya gari. Andikeni sekunde za mtetemo, rangi ya moshi na harufu yake. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi, wa buluu ni oili, na mweupe mzito wenye harufu tamu ni maji ya kulanti.

6. Soma namba za hitilafu. Mfumo wa OBD-II ulikuwa wa lazima kwa magari mapya ya Marekani kuanzia modeli za mwaka 1996, na namba zake hutumika sasa sehemu nyingi za dunia. Baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayasomeki kwa kila mashine. Namba zinazohusika zaidi ni hizi:
- P0300: silinda mbalimbali zinamisi
- P0301, P0302 na kuendelea: silinda ya 1, ya 2 na kadhalika inamisi
- P0171: mchanganyiko mwembamba
- P0172: mchanganyiko mzito
- P0117 na P0118: ishara ya sensa ya joto la maji iko chini au juu mno
- P0505: hitilafu ya mfumo wa mzunguko wa chini

Namba huonyesha mahali pa kutazama, si kipuri cha kununua. P0171, kwa mfano, inaweza kuletwa na mpira uliopasuka, pampu dhaifu au sensa ya hewa chafu.

7. Hamisha vipuri kabla ya kununua. Ikiwa silinda ya 2 inamisi, badilishana koili yake na ya silinda ya 3, kisha subiri asubuhi inayofuata. Namba ikihama kutoka P0302 kwenda P0303, koili ni mbovu. Isipohama, fanya hivyo kwa plagi, halafu kwa nozeli kama inafikika kirahisi.

8. Tafuta hewa isiyopimwa injini ikiwa bado baridi. Njia bora ni mashine ya moshi. Wengine hunyunyizia maji kidogo kwenye maungio, mbali na nyaya za umeme, na kusikiliza badiliko la sauti. Kunyunyizia dawa zinazowaka ni hatari ya moto.

9. Pima mgandamizo. Tofauti kati ya silinda isizidi asilimia 10 hadi 15. Kipimo hiki kwa kawaida hufanywa injini ikiwa na moto, lakini kwa tatizo la asubuhi kifanywe pia ikiwa baridi.

Mfano

Tuseme gari la silinda nne hutetemeka kila asubuhi kwa sekunde 20, kisha hutulia mpaka kesho yake. Namba ni P0303. Plagi zote zinabadilishwa. Kesho yake hali ni ileile. Koili ya silinda ya 3 inahamishwa, lakini namba haihami.

Kigezo cha muda kinasema kuna kitu kinaingia usiku. Moshi si mweusi, hivyo nozeli haielekei kuvuja. Maji ya chupa yanapungua kidogo kila wiki, na hakuna tone chini ya gari. Fundi anafunga pampu ya kupimia rejeta jioni na kuacha mfumo ukiwa na presha usiku kucha. Asubuhi anafungua plagi: tatu ni kavu, ya silinda ya 3 imelowa maji. Tatizo ni gasketi ya hedi, au ufa katika hedi yenyewe.

Mwenye gari angeweza kuendelea miezi kadhaa akiamini kwamba "likipata moto linakuwa zima". Mwisho wake ungekuwa kuchemsha njiani na kupinda hedi, na gharama ya hapo ni kubwa mara nyingi kuliko ya gasketi iliyowahiwa.

Makosa ya kawaida

- Kupeleka gari gereji likiwa na moto na kutarajia fundi aone tatizo la asubuhi.
- Kufuta namba za hitilafu kabla ya kuziandika.
- Kupandisha mizunguko kwa skrubu ili kuficha mtetemo. Chanzo hubaki na mafuta hutumika zaidi.
- Kusafisha kilango cha hewa bila kuifundisha upya kompyuta, katika magari yanayohitaji hivyo. Mizunguko huweza kuvurugika zaidi.
- Kubadilisha vipuri viwili au vitatu kwa pamoja. Hata gari likipona, haijulikani kilichokuwa kibovu.

Athari za kupuuza

Petroli isiyoungua huingia kwenye masega na kuungulia humo. Joto lake huweza kuyayeyusha na kuziba njia ya moshi. Kwa sababu hiyo taa ya injini inayowakawaka badala ya kuwaka moja kwa moja ni onyo la kumisi kukali: dereva apunguze mwendo na asisitize injini. Petroli iliyozidi pia huosha oili kwenye kuta za silinda na kuchanganyika na oili ya chini, hivyo ringi za pistoni huchakaa mapema.

Usalama

Injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa wakati wa uchunguzi. Moshi wake una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua. Injini baridi hutoa gesi hiyo kwa wingi zaidi, kwa sababu mchanganyiko wake ni mzito na masega bado hayajapata moto. Gari liwe nje, gia ikiwa huru au kwenye P, breki ya mkono ikiwa imevutwa, na nguo au nywele ndefu ziwe mbali na mikanda na feni.

Injini za dizeli

Dizeli haina plagi za cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa. Plagi za kupasha joto husaidia injini baridi. Moja ikifa, silinda yake humisi asubuhi na kutoa moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli, kisha hutulia ikipata moto. Hupimwa kwa mita ya umeme: plagi nzima huwa na ukinzani mdogo sana, mara nyingi chini ya omu chache, na iliyokatika haipitishi umeme kabisa. Sababu nyingine ni hewa iliyoingia kwenye mabomba ya mafuta, nozeli chakavu na mgandamizo hafifu.

Tazama pia

- Injini ya mwako wa ndani
- Kabureta
- Petroli
- Betri
- Monoksidi ya kaboni